Unene na Kisu: Mhadhara wa Umma, Lubumbashi



Mji huu wa Lubumbashi ulilelewa kwa mizani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilipoamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, iliwagawia posho ya unga na kuwapima watoto uzito kwenye zahanati zake, kwa sababu ilitaka mikono yenye nguvu. Gécamines, kampuni ya dola iliyochukua nafasi yake, iliirithi desturi ya kulisha. Wazee wetu wakauona mwili mnene kuwa ushahidi: baba ana kazi, gunia liko nyumbani. Miaka ya 1990 kampuni ikaporomoka, na jamaa nyingi zikabaki na mlo mmoja kwa siku. Ukimwi nao ukafanya wembamba uogopwe. Mtu akiambiwa leo kwamba amenona, anajibu asante, na mimi simlaumu.

Ila tuwatazame watoto waliozaliwa katika njaa ile. Mtoto aliyepunjwa chakula tangu tumboni hukua na mwili uliozoea kuweka akiba, na akija kushiba ukubwani, sukari humpata upesi kuliko wenzake. Watoto wa miaka ile sasa ni watu wazima. Waliobahatika wanakaa ofisini mchana kutwa, wanapanda gari hata kwa safari ya hatua mia tatu, na jioni wanakaa mbele ya michopo na chupa za bia ya Simba. Na njaa yenyewe haijahama: uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Unene wa Lubumbashi haukuja baada ya njaa kuondoka. Vyote viwili vinakaa kiwanja kimoja.

Kipimo cha unene ni rahisi. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya jibu kwa urefu uleule. Mama wa mita 1.60 na kilo 92 anapata karibu 36. Kuanzia 30 tunauita unene wa ugonjwa, na mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa nao. Pimeni kiuno pia, kwa kuwa mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo mabaya zaidi: hufanya insulini ishindwe kazi, hupandisha tansio, huchosha moyo. Kuna pia kukoroma kunakokata pumzi usiku, magoti yanayouma, saratani ya mji wa mimba na ya matiti. Pépé Kallé, jitu la muziki wetu, alifariki Kinshasa mwaka 1998 kwa ugonjwa wa moyo, hajafika miaka 50. Sikumtibu, wala sitaki kuwa daktari wa kaburini. Nawakumbusha tu kwamba tulimshangilia kwa ukubwa ule ule.

Sasa kisu, ambacho wengi mmekuja kukisikia. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito, huko Iowa, Marekani, walianza kuligawa tumbo la chakula ili sehemu ndogo tu ipokee mlo na kuupeleka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Njia inayofanywa zaidi siku hizi ni nyingine: kukata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, likabaki kama mrija, na homoni ya njaa ikapungua. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wanene zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa, nusu hawakupasuliwa. Matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi, kwa robo hivi. Kwa wengi sukari hutulia hata kabla ya kilo kushuka. Kisu hiki si urembo, ni tiba, na anayemcheka aliyekikubali hajui anachokicheka.

Hata hivyo, gharama yake huja baadaye. Tumbo lililokatwa halirudi. Vitamini B12, chuma na kalsiamu vitamezwa maisha yote. Na hapa kwetu, penye malaria na upungufu wa damu, mgonjwa akiviacha ataanguka haraka kuliko Mswidi. Aliyepitishiwa njia ya Mason hulewa upesi, chupa moja ikafanya kazi ya tatu. Mwanamke asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hilo linahitaji mume aliyeelewa. Asiyebadili ulaji, kilo humrudia.

Ndiyo maana namwogopea anayeuza kiwanja ili apasuliwe India au Afrika Kusini, kisha arudi uwanja wa ndege wa Luano na barua asiyojua ampelekee nani. Kabla hujakata tiketi, mtafute daktari wa hapa hapa atakayekupima damu kila mwaka, naye akubali kwa kinywa chake. Usipompata, usiende bado. Na kwenu wakuu wa zoni za afya: kabla ya kuomba chumba cha upasuaji wa unene, kila santre ipate mizani, futi ya kupimia kiuno, mashine ya tansio na vijiti vya sukari.