Uhuru wa Nchi na Haki ya Mwanamke

Zinapohadithiwa habari za kupigania uhuru wa Tanganyika hutajwa mno waume na kidogo wake. Ilhali mwenye kuyapima mambo kwa insafu atakiri kwamba TANU, chama kilichozaliwa mwaka 1954, haikuingia majumbani mwa watu wa Dar es Salaam mpaka wanawake walipoifungulia mlango.

Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipokabidhiwa uongozi wa wanawake wa chama mwaka 1955, aliwaendea kwanza wakuu wa vikundi vya ngoma, akina mama waliokwisha kuzoea kukusanya ada, kuitisha mikutano na kusuluhisha magomvi, akawataka wawalete wafuasi wao. Wakaja kwa maelfu katika muda wa miezi michache. Na madhali watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama, wanawake hawa, wasio na mshahara wa kuhofia kuupoteza, walithubutu pale ambapo waume wengi wenye elimu walilazimika kusita.

Bibi huyo, aliyezunguka nchi nzima akihutubia halaiki, alikuwa ameozwa akiwa na umri wa miaka 14. Uhuru ukapatikana mwaka 1961; na ilipotungwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwenyewe yumo mikononi mwa dola kwa kesi ya uhaini. Sheria ile ilikuwa na kheri nyingi, kwani ilishurutisha ridhaa ya bi arusi, ilimnyima mume haki ya kumpiga mkewe, na ilimpa mke fungu katika mali waliyoichuma pamoja. Illa ilimtaka mwanamume atimize miaka 18 ndipo aoe, ikamwachia msichana aolewe kwa miaka 15, tena ikaipa mahakama uwezo wa kuidhinisha ndoa ya mwenye miaka 14, umri ule ule alioozwa nao Bibi Titi zama za Mwingereza.

Ikapita karibu nusu karne hata Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba.

Basi ni dhahiri kuwa uhuru wa nchi hauleti wenyewe haki ya mwanamke: hidima yake ilipokewa hima, na ujira wake ukacheleweshwa. Wala tusidhani kwamba hukumu ya majaji yatosha, kwa kuwa majaji hawapo barazani posa inapoletwa. Aliyepo ni mzazi. Kwenu nyinyi wazazi na walezi, nasihi yangu ni moja: binti aliye bado mtoto, mahari yake isipokewe, hata aje mposaji mwenye mali na jaha ya namna gani.