Gari la Zamani na Bei ya Mafuta ya Leo

Hotuba kwa wamiliki na madereva wa magari ya zamani



Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA hutangaza bei mpya za mafuta. Siku hiyo mwenye Peugeot 504, Land Rover au Datsun ya miaka ya 70 husikiliza redio kwa makini kuliko jirani yake. Gari hilo ndilo linalopeleka maziwa, viazi na kabeji sokoni. Likinywa mafuta kupita kiasi, faida ya shamba huishia kwenye tangi.

Jambo la kwanza ni kupima. Tangi lijazwe hadi juu, kilomita ziandikwe, kisha lijazwe tena baada ya safari. Gari likienda kilomita 300 na kujazwa lita 30, linakwenda kilomita 10 kwa lita. Mita za magari mengi ya zamani ya Uingereza huhesabu maili. Maili 30 kwa galani ya Uingereza ni kilomita 10.6 hivi kwa lita.

Jambo la pili ni kabureta. Gari la kisasa lina kompyuta inayopima hewa na kurekebisha petroli. Kabureta haina uwezo huo. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,800, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Gari likipanda, hewa huwa nyepesi, lakini kabureta haipunguzi petroli ya kutosha. Ndipo huonekana moshi mweusi, plagi hushika masizi na nguvu hupungua. Fundi wa nyanda za juu huweka jeti ndogo zaidi. Gari hilo likihamia Pwani, jeti zibadilishwe tena, la sivyo injini itapata petroli kidogo na kupata joto kupita kiasi.

Jambo la tatu ni yale madogo yasiyo na gharama kubwa. Filta ya hewa isafishwe, hasa kwa wanaopita barabara za vumbi. Choki irudishwe injini ikishapata moto. Tairi zitiwe upepo wa kutosha. Breki zinazoshika gurudumu zifunguliwe. Keria isiyobeba kitu ishushwe, kwa maana upepo huizuia na petroli ndiyo hulipa. Harufu ya petroli ndani ya gari haipuuzwi. Ni hasara, na ni moto unaosubiri cheche.

Kuna akiba moja isiyofaa kabisa. Baadhi ya madereva huzima injini au kuweka gari fri kwenye mteremko, kama ule wa Mai Mahiu. Gari likiwa fri, injini haisaidii tena kulizuia, breki hubeba kazi yote na kuchemka. Injini ikizimwa, hata usaidizi wa breki kwa magari yaliyo nao huisha baada ya kukanyaga mara chache. Akiba hiyo ni vijiko vya petroli, na bei yake inaweza kuwa maisha ya abiria.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari dogo ndani ya gari, lenye tarehe, lita na kilomita, litamwonyesha mwenye gari siku tatizo linapoanza, kabla mfuko haujatoboka.