Mafuta ya Ziwa Albert na Haki ya Wenye Ardhi



Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wametuuliza mara nyingi kama bomba la mafuta ya Uganda, lililopangiwa kupita nchini mwetu hadi Tanga, ni baraka au ni balaa. Swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Yatupasa kwanza kujua mafuta hayo yametoka wapi, na ni nani anayepata nini.

Wenyeji wa Bunyoro waliyaona mafuta yakichuruzika kandokando ya Ziwa Albert kabla wataalamu hawajafika. Mnamo mwaka 1925 mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland, aliandika taarifa juu yake, na mwaka 1938 kisima kilichimbwa karibu na Butiaba. Vita Kuu ya Pili ikaja, na jambo likalala kwa miaka mingi. Ilikuwa mwaka 2006 ndipo Uganda ilipotangaza kwamba imepata mafuta ya kutosha kwa biashara. Yaliyomo ardhini yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, ingawa yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4 tu. Maana yake, katika kila mapipa matano, manne hivi yatabaki huko huko chini. Hesabu hii tuikumbuke kila tunaposikia namba kubwa zikitajwa majukwaani.

Mafuta haya yana nta nyingi; yakipoa huganda. Tena yako mbali na bahari. Hivyo lilihitajika bomba lenye kupashwa joto njia nzima, lisishuke chini ya nyuzi 50. Mwaka 2016 Uganda iliichagua njia ya Tanga badala ya ile ya Kenya. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera hadi rasi ya Chongoleani. Tarehe 1 Februari 2022 kampuni na serikali zilitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza zaidi ya dola bilioni 10 katika visima na bomba kwa pamoja.

Hapa tuseme wazi, ndugu zangu: kwa sisi Watanzania mafuta si yetu. Chetu ni njia. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina asilimia 15 ya hisa za kampuni ya bomba, sawa na lile la Uganda. Sehemu iliyo kubwa, asilimia 62, ni ya TotalEnergies ya Ufaransa, na asilimia 8 ni ya CNOOC ya China. Ada ya kusafirisha ilikubaliwa kuwa dola 12.77 kwa kila pipa. Hilo ni pato la kweli, wala hatuna sababu ya kulibeza. Bandari ya Tanga, iliyojengewa jina na mkonge, ilikuwa imengoja kazi kubwa kwa muda mrefu. Huko Uganda sheria ya fedha ya mwaka 2015 inazigawia wilaya zenye mafuta asilimia 6 ya mrabaha, na asilimia 1 hupewa mamlaka za jadi. Lakini kijiji ambacho bomba linapita tu hakimo katika mgawo huo. Mwenye shamba aliye katika mkuza ana fidia yake, na pengine kibarua cha miezi michache. Basi kwake yeye fidia ndiyo mafuta yote.

Ndiyo sababu Tume yetu inaitazama fidia kuliko jambo jingine lolote, na katika fidia inatazama zaidi tarehe. Mwaka 2012 vijiji 13 vya Kabaale, wilayani Hoima, vilitakiwa kupisha kiwanda cha kusafishia mafuta. Watu zaidi ya 7,000 waliguswa. Waliochagua kujengewa nyumba badala ya kupokea fedha walizipata mwaka 2017. Miaka mitano! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati wa tathmini alikuwa la sita walipohamia. Baadaye, katika njia ya bomba, wengi walithaminiwa mwaka 2018 na 2019, nao wakaanza kulipwa kuanzia mwaka 2021. Katikati ya tarehe hizo mkulima huambiwa asipande mazao ya kudumu. Mgomba haupandwi, mkahawa haupandwi, na bei ya shamba la jirani inapanda. Katiba ya Uganda inataka fidia itolewe kabla ya ardhi kutwaliwa, na sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Nyongeza ya ucheleweshaji hutolewa, lakini nyongeza hairudishi misimu iliyopita.

Wengi wetu tunalijua shamba la Nabothi kama habari ya mfalme mnyang'anyi. Tukisoma vizuri tutaona kwamba Ahabu alianza kwa kutoa fidia: shamba lililo bora zaidi, au fedha. Aliyekataa alikuwa na sababu, kwa kuwa urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Mbele ya bomba, mkulima wa leo hana nafasi ya kukataa. Sheria inairuhusu serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Kwa kuwa ameondolewa neno la hapana, deni la kumlipa kwa wakati ni zito zaidi.

Tunawaomba viongozi wa walei katika parokia zinazopitiwa na mkuza wawasaidie waamini, na majirani wasio waamini vilevile, kutunza nakala ya fomu ya tathmini yenye tarehe na saini, pamoja na picha za makaburi, miti na nyumba kama zilivyokuwa. Mke asaini pamoja na mume, na akaunti ya benki iwe na majina yao wawili. Mjane ambaye shamba lingali katika jina la marehemu ashughulikiwe wa kwanza, kwa sababu mirathi huchukua miezi mahakamani, na mthamini hamngoji.