Matunzo ya mtoto ng'ambo ya mpaka

Kutoka kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, hapa Gisenyi, Rwanda, hadi nyumba za kwanza za Goma, Kongo, ni hatua chache tu. Kwa mama anayedai matunzo ya mtoto, hatua hizo ni ukuta. Baba akiwa Goma, hukumu ya mahakama ya Rubavu, wilaya yetu, haimbani moja kwa moja. Lazima kwanza itambuliwe na mahakama ya Kongo. Na tangu Januari 2025 mji wa Goma umo mikononi mwa waasi wa M23. Mama huyu apeleke wapi karatasi zake?

Mkataba wa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ulitiwa saini mjini humu humu mwaka 1976. Ndani ya jumuiya hiyo nchi zetu ziliweza kugawana umeme wa mto Ruzizi. Basi ziweke karani kila upande, apokee hukumu za matunzo na kufuatilia malipo. Mtoto anakula leo.