Ugonjwa wa Wilson: Ndugu wa Nyumba Moja, Dalili Tofauti

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii wa Kayole,

Ninyi ndio mnaoingia nyumba kwa nyumba, kuanzia Soweto hadi Matopeni, na ndiyo maana nimeleta kwenu ugonjwa ambao ni nadra. Samuel Alexander Kinnier Wilson aliueleza mwaka 1912 akiwa London. Inakadiriwa unampata mtu mmoja katika kila watu 30,000 hivi.

Shaba tunaila kila siku katika maharagwe, karanga na maini. Mwili unahitaji kidogo tu. Inayozidi hutolewa na ini kupitia nyongo, kwa kazi ya jeni iitwayo ATP7B. Mtoto akirithi jeni hiyo ikiwa na kasoro kwa baba na kwa mama pia, shaba haitoki. Inajaa kwenye ini, kisha inafurika hadi kwenye ubongo, macho na figo. Wazazi wenyewe huwa wazima, na hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi.

Tuchukulie, kwa mfano tu, ndugu wanne wanaokaa plot moja hapa mtaani. Msichana wa miaka 10 macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Wanasema ni homa ya ini. Kaka yake wa miaka 19 hana dalili yoyote ya ini, ila mkono unatetemeka, mwandiko umeharibika, ulimi umekuwa mzito na mate yanamdondoka. Huyo mtaa umeshamhukumu: ni chang'aa, ni muguka. Wa tatu amekuwa mkali, analia ovyo, masomo yameporomoka. Wa nne anacheza mpira na hana neno.

Wote wanaweza kuwa na ugonjwa huo mmoja. Kasoro zaidi ya 500 za jeni hiyo zimeshatambuliwa, lakini hilo halitoshi kueleza tofauti hizi, kwa sababu ndugu waliorithi kasoro zilezile huugua tofauti, hata mapacha wa kufanana.

Hata jicho halitoi jibu moja. Shaba huchora duara la rangi ya kahawia pembezoni mwa kioo cha jicho. Karibu wagonjwa wote walioathirika ubongo huwa nalo, lakini kwa walioathirika ini peke yake hukosekana kwa karibu nusu yao. Na kwa macho yetu meusi huonekana kwa shida bila darubini ya daktari wa macho. Msimwambie mtu kwamba ni mzima kwa kumtazama tu.

Vipimo ni vya damu, pamoja na mkojo wa saa 24. Hapa mnahitajika sana. Mtu anayetumia choo cha pamoja cha plot, tena anatoka alfajiri kwenda kibaruani, atapoteza nusu ya mkojo huo na majibu yatapotosha. Mshaurini achague siku ya kushinda nyumbani, na atumie chombo cha maabara pekee, si ndoo wala mtungi wake.

Dawa ipo. Tangu John Walshe alipoanza kutumia penisilamini mwaka 1956, ugonjwa uliokuwa unaua umekuwa wa kuishi nao. Hata hivyo, baadhi ya wenye dalili za ubongo huzidiwa mwanzoni wakianza dawa hiyo, kwa hiyo lazima daktari awafuatilie kwa karibu. Asiye na dalili anaweza kukingwa kwa zinki. Ini likishindwa kabisa, hubaki kupandikizwa jingine. Dawa ni ya maisha yote, hata wakati wa ujauzito. Anayeiacha kwa sababu amepata nafuu anaweza kufa ini likifeli.

Kwa kila mtoto wa wazazi wanaobeba kasoro hiyo, uwezekano wa kuugua ni mmoja kwa wanne. Kwa hiyo, mkisikia mtu mmoja Kayole amegunduliwa, nawasihi rudini kwake siku hiyohiyo. Andikeni majina ya kaka na dada zake wote, pamoja na walio kijijini, mhakikishe wanapelekwa kupimwa. Anzeni na yule anayesema hana neno.