Chuma, Karatasi na Mtu: Tahadhari kwa Mnunuzi wa Gari la Zamani la Barabara Ngumu Mtandaoni



Mada niliyopewa inahusu bidhaa ambayo wengi wetu huinunua mara moja au mbili tu maishani, tena kwa akiba ya miaka mingi: gari la zamani la barabara ngumu, yaani lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, linaponunuliwa kwa njia ya mtandao.

Gari hili si la anasa tu, ingawa mitaani tumezoea kuliita shangingi. Mkulima wa viazi wa Makete hulihitaji ili mazao yake yasiozee shambani wakati wa masika. Mfugaji wa Simanjiro hulihitaji, na zahanati iliyo mbali na lami hulihitaji kumfikisha mama mjamzito hospitalini. Gari jipya la aina hiyo bei yake haifikiki kwa mwananchi wa kawaida, kwa hiyo macho huenda kwenye magari yaliyotengenezwa miaka 20 au 30 iliyopita. Hitaji ni la kweli, na sikuja hapa kumkataza mtu kununua.

Jambo ninaloomba ni moja. Kabla fedha haijatoka mkononi, vitu vitatu vikubaliane: chuma, karatasi na mtu. Chuma ni gari lenyewe, karatasi ni nyaraka zake, na mtu ni yule anayeliuza. Kimoja kikipingana na kingine, fedha ibaki mahali ilipo.

Kwanza, chuma.

Picha za mtandaoni humwonyesha mnunuzi bodi, viti na rimu. Lakini magari mengi ya zamani ya barabara ngumu yamejengwa juu ya chesisi, yaani fremu nzito ya chuma iliyo chini, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Injini, ekseli, springi na mfumo wa usukani vyote hutegemea fremu hiyo. Bodi iliyochoka hupigwa rangi kwa siku chache ikang'aa. Chesisi iliyoliwa na kutu haiponi kwa rangi.

Kutu hiyo hutoka wapi? Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japan. Kaskazini mwa nchi hiyo, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili theluji na barafu viyeyuke. Chumvi huruka na maji ya barabarani, huingia katika mashimo ya chesisi, ambayo ndani ina uwazi, na kuanza kula chuma kutoka ndani kuja nje. Gari lililokaa ufukweni au kuzama katika mafuriko hupata madhara kama hayo. Muuzaji asiye mwaminifu hupulizia rangi nyeusi nzito chini ya gari, na pichani chesisi huonekana kama mpya.

Madhara yake hayaishii kwenye fedha. Chesisi iliyooza ikikatika mahali ulipofungwa usukani au springi, dereva hana tena la kufanya. Fikirini gari hilo likiteremka Mlima Kitonga likiwa na mzigo na abiria. Anayeshauriwa hapa kuwa mwangalifu ni mnunuzi, lakini watakaoumia ni pamoja na watoto wake walioketi nyuma.

Kwa hiyo mnunuzi aombe picha za chini ya gari: chesisi ya mbele, ya katikati na ya nyuma, pande zote mbili, pamoja na mabomba ya breki. Aombe pia video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi, bila kukatwa. Moshi wa bluu usiokoma huashiria kwamba injini inachoma oili. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata joto waweza kuwa dalili ya maji ya rejeta kuingia ndani ya silinda. Injini za dizeli zenye turbo zilizowahi kuchemka mara nyingi huwa na silinda hedi iliyopasuka, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa.

Gari likiwa hapa nchini, picha na video hazitoshi. Atafutwe fundi asiye rafiki wa muuzaji, alipwe na mnunuzi, aingie chini ya gari na kugonga chesisi kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hulia, palipooza hubonyea. Ajaribu pia gia nzito na mvuto wa magurudumu manne kwenye udongo au changarawe. Matangazo mengi husema mfumo huo unafanya kazi, ilhali mwenye gari hajauingiza kwa miaka.

Matairi nayo yasomwe. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2214 lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo, hata kama kashata zake bado ni ndefu, mpira wake umechoka.

Lipo na suala la mifuko ya hewa ya kujikinga na ajali. Kampuni ya Takata ya Japan ilitengeneza mifuko iliyowekwa katika mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali, mengi yakiwa ya kuanzia takriban mwaka 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010. Baruti iliyomo katika baadhi ya mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka hurusha vipande vya chuma kwa dereva na abiria. Watu wamekufa kwa sababu hiyo katika nchi kadhaa. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam na Mtwara. Watengenezaji wakubwa wa magari wana kurasa ambapo mtu huingiza nambari ya chesisi na kuona kama gari liliitwa kurekebishwa. Huduma hiyo ni bure. Itumieni.

Pili, karatasi.

Nambari ya chesisi ndiyo utambulisho wa gari. Kwa magari mengi ya aina hii imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, karibu na gurudumu la mbele, na huandikwa pia kwenye kibati. Mnunuzi ailinganishe herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye kadi ya gari, au kwenye cheti cha kufutwa usajili ikiwa gari linatoka nje, na kwenye hati ya madai ya malipo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japan huwa na nambari fupi kuliko ile ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingineko, kwa hiyo ufupi peke yake si kosa. Kosa ni nambari iliyosagwa, iliyochomelewa au isiyolingana. Hapo mazungumzo yaishe.

Magari mengi ya Japan hupita mnadani, na huko hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama. Herufi R au RA kwa kawaida humaanisha kuwa gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Iombeni karatasi hiyo, nzima na inayosomeka, mlinganishe kilomita zake na zile za kwenye dashibodi. Gari la miaka 25 linalodaiwa kutembea kilomita 80,000 tu, huku pedali zimelika na usukani umechubuka, linajieleza lenyewe.

Tazameni pia tofauti kati ya mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa usajili wa kwanza. Majirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Kwetu mlango haukufungwa kwa umri, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Ushuru huo huongezwa juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Tena Mamlaka ya Mapato (TRA) haifungwi na bei iliyoandikwa kwenye risiti ya mnunuzi, bali ina utaratibu wake wa kukadiria thamani ya gari. Kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kipo kwenye tovuti ya TRA. Kitumieni kabla ya kulipa, na mwulize Shirika la Viwango (TBS) utaratibu wa ukaguzi unaotumika kwa wakati huo, kwa kuwa viwango na taratibu hubadilika. Wapo wanaolipia gari Japan kisha wakashindwa kulitoa bandarini, na huko gharama za kuhifadhi huongezeka kila siku.

Kwa gari linalouzwa hapa nchini, jina lililo kwenye kadi liwe la muuzaji, au muuzaji awe na idhini ya maandishi inayothibitika. Maneno kama "kadi imepotea" au "kadi iko kwa ndugu" yawatie shaka, maana mara nyingine kadi imeshikwa na benki kwa sababu ya mkopo. Ofisi ya TRA iulizwe kuhusu umiliki na madeni kabla ya malipo.

Tahadhari maalumu ni ya magari ya miradi ya wafadhili, yale yenye namba zinazoanza na herufi DFP. Hayo husifiwa sana katika matangazo kwa kuwa hutunzwa vizuri, na sifa hiyo mara nyingi ni ya kweli. Lakini magari hayo huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi hudaiwa. Mnunuzi atakayekabidhiwa gari bila uthibitisho kwamba kodi imelipwa amenunua gari pamoja na deni.

Tatu, mtu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangazo lenye bei ya chini mno, lenye muuzaji anayehimiza "wateja ni wengi, tuma kianzio nikushikie", linajitembeza. Picha nzuri huibwa kwenye tangazo la mwingine kwa dakika moja. Mwombeni muuzaji apige picha mpya, gari likiwa na kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku hiyo. Mwenye gari hushangaa kidogo kisha hupiga. Asiye na gari hutoa sababu.

Akiwa ni kampuni, malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni hiyo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ujumbe ukija katikati ya safari kwamba akaunti imebadilika, msilipe. Wahalifu huvamia barua pepe, hufuata mazungumzo kimya kimya, kisha hutuma akaunti yao siku ya malipo. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo, wala si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe mpya.

Sheria zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na kueleza bidhaa yake. Malalamiko dhidi ya mfanyabiashara hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), na utapeli huripotiwa polisi mara moja, pamoja na benki au kampuni ya simu iliyopitisha fedha. Hifadhini tangazo, ujumbe wote na risiti. Na akijitokeza mtu anayeahidi kuwarejeshea fedha zilizopotea ikiwa mtamlipa ada kwanza, jueni huyo ni tapeli wa pili.

Hata hivyo ni wajibu wangu kusema wazi kwamba muuzaji aliye ng'ambo ni vigumu kumfikia kwa sheria zetu, na muuzaji wa ndani aliyezima simu si rahisi kumpata. Ulinzi mkubwa wa mnunuzi uko kabla ya malipo. Baada ya malipo unabaki mdogo.

Mwisho, hesabu. Mtu mwenye shilingi milioni 30 asinunue gari ambalo, pamoja na kodi na usajili, litammalizia milioni 30. Gari la zamani likifika hudai mara moja matairi, breki, bushi, shokapu na oili za injini, giaboksi na difu. Asiyebakiwa na fungu la kazi hiyo ataliendesha likiwa bovu, au ataliegesha uani. Ni heri kungoja msimu mmoja zaidi wa mavuno, au kuchukua gari dogo zaidi lenye chesisi nzima.

Mkiondoka hapa, kila mmoja ampe ujumbe huu ndugu anayepanga kununua: aone chuma chini ya gari, alinganishe karatasi na chuma, amthibitishe mtu, ndipo alipe. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.