Kila Mwimbaji Ajisikie: Kupanga Sauti ya Jukwaani kwa Mikisa ya Kidijitali

(Mazungumzo na vijana wanaosimamia mitambo ya sauti ya vikundi vya kaswida)



Ndugu zangu vijana, leo sizungumzi juu ya watu waliokaa kwenye viti. Hao wana spika zao kubwa. Nazungumza juu ya wale waliosimama jukwaani, ambao mara nyingi hufikiriwa mwisho. Spika kubwa zimewapa mgongo. Wanachopata ni mwangwi uliochelewa na kishindo cha dufu. Sasa mwimbaji asipojisikia hufanya nini? Hupaza. Ikifika kaswida ya tatu, koo limekauka.

Dawa ni kumpa kila mtu sauti yake ya kusikiliza, kwa spika ndogo ya miguuni au kwa vifaa vya masikioni. Tuchukue mfano wa mikisa ya Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012. Ina sehemu 32 za kuchomeka maiki na mikondo 16 ya kutolea sauti, mbali na ule mkuu unaokwenda kwa watu. Mkondo mmoja ni mwimbaji mmoja. Akitaka kusikia kushoto na kulia, unaunganisha miwili. Lakini msiimalize yote, maana athari kama mwangwi nazo huhitaji mikondo.

Kwanza, chagua mkondo, tuseme wa 1, uandike jina la mwenyewe. Hakikisha kwenye ukurasa wa Routing kwamba unatokea kwenye tundu ulilochomeka waya wake.

Pili, na hapa ndipo wengi huteleza: sauti zote zinazokwenda kwenye mkondo huo zichukuliwe kabla ya feda, yaani kile kitelezi cha kusukuma juu na chini. Kwenye kioo imeandikwa Pre Fader. Ukichukua baada ya feda, kila ukipunguza maiki moja kwa ajili ya watu, mwimbaji naye inampungukia masikioni. Atadhani maiki imekufa.

Tatu, ukiwa umeuchagua mkondo huo, bonyeza Sends on Fader. Vitelezi sasa vinaonyesha kiasi cha kila maiki kinachomwendea mwimbaji huyo peke yake. Vishushe vyote mpaka chini. Anza na sauti yake mwenyewe, aimbe kama atakavyoimba kweli, sio kuhesabu "moja, mbili". Kisha mpe kiongozi, kisha dufu kidogo la kushikia mapigo. Mara nyingi hayo yanatosha. Ukimaliza, zima kitufe hicho, la sivyo utakayemsukuma baadaye ukidhani ni wa watu, kumbe unamjazia mtu masikio.

Nne, hifadhi mpango huo kwenye mikisa, ili wiki ijayo msianze upya.

Jamani, mwimbaji akikwambia "niongeze", usikimbilie kuongeza. Muulize kinachomfunika, ukipunguze hicho. Kwa nini? Kwa sababu mmoja akiongezewa, mwenziwe kwenye spika ya pili hasikii, naye anataka zaidi. Mwisho spika zinapiga mluzi, na watu wanagombana jukwaani. Kama ni spika ya miguuni, iweke mbele ya mwimbaji, nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia hazisikii vizuri upande wa nyuma, na mluzi unapungua.

Tukiunganisha mikisa na kifaa cha wifi, programu ya X32-Q humwezesha mwimbaji kurekebisha mkondo wake kwa simu. Ni raha, lakini ndipo hatari ilipo, maana hakuna wa kumwambia basi.

Taasisi ya Marekani ya usalama wa kazini, NIOSH, inapendekeza sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda ugawanywe nusu. Hesabuni wenyewe: desibeli 94 ni saa moja, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mazoezi yetu ya usiku ni marefu kuliko hapo. Masikio yakishaharibika kwa kelele, hayarudi. Kwa hivyo weka kikomo kwenye kila mkondo wa masikioni, ili maiki ikidondoka, kishindo chake kisimfikie mtu. Na wambieni waimbaji wasichomoe sikio moja, kwani atakayebaki na moja huliongeza lile lililobaki.

Nyinyi mnaokaa nyuma ya mikisa hamuonekani, na hakuna anayewapigia makofi. Lakini masikio ya wenzenu yamo mikononi mwenu, na hiyo ni amana. Anayejisikia vizuri huimba kwa upole, na upole huo ndio unaowafikia watu.

Wabillahi tawfiq.